Namba ya Mkaa

Mwanamke akipigiwa simu alfajiri na mwanamume asiyemjua, kisha akaulizwa, "Leo umebeba Friesian ama Ayrshire?", ana haki ya kukata bila kuaga. Kagure alikata. Simu ikalia tena, akakata tena. Iliporudi mara nyingine ilikuwa sauti ya bibi kizee, inatetemeka kwa baridi na wasiwasi, ikimwomba kwa jina la Yesu afike haraka kwa sababu ng'ombe alikuwa amelia usiku kucha na majirani walikuwa wameanza kununa.

"Cucu, mimi ni fundi wa nguo," Kagure alisema.

"Hata kama," bibi akajibu. "Njoo tu."

Hivyo ndivyo Kagure alivyoingia katika maisha ya Daktari Muthomi, au tuseme Daktari alivyoingia katika maisha yake, maana hadi Jumamosi hii ninayotaka kuwasimulia wawili hao walikuwa hawajaonana hata kivuli.

Kagure alikuwa amerudi Kanja kutoka Thika baada ya baba yake kufariki. Alikodi chumba sokoni, akaweka cherehani dirishani, akanunua laini mpya ya simu kwa ajili ya wateja, na namba yake akaiandikisha kwa rangi nyekundu juu ya mlango. Laini ya zamani akaiacha kwa ajili ya mama na ndugu. Rangi ilikuwa haijakauka vizuri simu za ng'ombe zilipoanza. Kumbe ile namba ilikuwa na mwenyewe. Wafugaji wa huku hawaandiki namba ya daktari kwenye karatasi, kwa sababu karatasi huliwa na mbuzi. Huiandika kwa mkaa kwenye nguzo ya zizi, pale macho yanapotua ng'ombe akianza kulia akitaka dume. Na namba ile ilikuwa imeandikwa kwenye nguzo nyingi mno, kuanzia Gachoka kwenye joto hadi Runyenjes na Kanja kwenye ukungu, kila mahali ambapo kijana mmoja wa Meru alikuwa amepita na pikipiki yake na mtungi wake wa baridi, akipandisha ng'ombe wa watu kwa sindano.

Jioni moja kijana huyo aliipigia namba yake mwenyewe.

"Samahani, dada," alisema. "Mimi ndiye nilikuwa na hii namba."

"Ahaa, kumbe ni wewe," Kagure akamjibu, na cherehani akaisimamisha ili amgombeze vizuri. "Unajua leo nimeamshwa na mzee wa Gachoka anauliza kama nimekuja na glavu ndefu?"

"Pole sana. Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia niko na tepu ya kupima kiuno."

Upande wa pili akasikia mtu anacheka huku akijaribu kujizuia, na kicheko chenyewe kilikuwa kizuri hata Kagure akasahau nusu ya matusi aliyokuwa ameyapanga.

"Nimekaa na hiyo namba miaka kumi na mbili," yule mtu alisema alipotulia. "Nikahama kampuni, kwa sababu ile ya kwanza mtandao haukuwa unaingia huku mabondeni. Wakaniambia ukihama unaenda na namba yako. Kufika dukani naambiwa laini iliandikishwa kwa jina la chama cha wafugaji kilichoniajiri mara ya kwanza. Chama chenyewe kilikufa. Hata mwenyekiti alikufa. Sasa nani aje kutia sahihi?"

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo mimi nikahama, namba ikabaki." Alisema hivyo kama mtu anayesimulia habari za punda aliyekataa kuvuka mto.

Wakapatana. Kagure akipokea simu ya ng'ombe, atamjulisha. Naye Muthomi atazunguka zizi kwa zizi akibadilisha namba kwenye nguzo. "Nikimaliza nguzo zote hutasumbuka tena," aliahidi, na siku hiyo Kagure aliiona ahadi hiyo kuwa tamu.

Lakini moyo wa mwanadamu haukai pale ulipowekwa. Kwanza walizungumza habari za ng'ombe tu: nani anaita, ameanza kulia lini, maana aliyeanza asubuhi hupandishwa jioni, na aliyeanza jioni hupandishwa asubuhi. Kisha Muthomi akawa anauliza kama fundi amekunywa chai. Kisha fundi akawa anauliza kama pikipiki imepita salama kwenye tope. Walipofika kwenye mavuno ya kahawa, Kagure alikuwa anajua kwamba Muthomi alizaliwa Ruiri, kwamba mama yake hufuga mbuzi na kuwaita kwa majina ya wake wa wachungaji, na kwamba yeye mwenyewe huimba peke yake barabarani kwa sauti mbaya. Muthomi naye alijua kwamba Kagure huogopa radi, na kwamba tangu baba yake afariki hajaweza kula ndizi za kuchoma, kwa sababu ni baba aliyekuwa akimchomea.

"Nikipita Kanja nikusalimie?" Muthomi aliuliza zaidi ya mara moja.

"Usije dukani," Kagure alimwambia. "Kanja ni ndogo, na midomo ni mikubwa."

"Sawa. Siku utasema njoo, nitakuja."

Ukweli ni kwamba Kagure alikuwa anaogopa. Sauti ile ilikuwa imeshakuwa chakula chake cha asubuhi. Je, akimwona mwenye sauti, halafu kikapotea? Hofu nyingine ilikuwa kubwa zaidi, na hiyo hakumwambia mtu. Simu za Gachoka zilikuwa zimekwisha. Za Runyenjes nazo zikakwisha. Ina maana nguzo za huko zilikuwa zimebadilishwa. Ilibaki Kanja peke yake, na Kanja ikiisha, mtu wa Ruiri atakuwa na sababu gani ya kumpigia fundi wa nguo?

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na mama yake Kagure alikuwa na masikio. Jioni moja, Kagure akiwa amemtembelea, aliisikia ile sauti ya kiume ikitoka kwenye simu, Kiswahili chake kimejaa Meru, na tangu siku hiyo hapakuwa na amani.

"Mmeru," mama alisema, akikata sukuma wiki kwa nguvu kuliko sukuma ilivyohitaji. "Mtu ambaye hujaona hata kiatu chake. Hao watu hasira yao ni ya karibu, Kagure. Na Ruiri ni huko nyuma ya mlima."

"Mami, ni mtu wa kazi tu."

"Kazi gani inaulizia kama umelala vizuri? Mimi nimezeeka, sijakuwa mjinga. Hiyo laini uachane nayo. Hamia hii kampuni sisi wamama wa kanisa tunatumia, uchukue namba mpya, na hiyo ibaki huko na mambo yake. Kibao nitalipia rangi mimi."

Walibishana wiki nzima. Mwishowe Kagure akachoka, akasema atahama Jumatatu. Ijumaa jioni alimpigia Muthomi kumwambia, huku moyo wake ukimwomba Mungu yule mtu akatae, agombe, aseme lolote.

"Jumatatu nahama kampuni, mami amesema," alisema. "Namba inabaki."

Muthomi akajibu, "Sawa."

Sawa. Kagure alilala na neno hilo likimchoma kama mbegu ya pilipili jichoni, na alfajiri akapanda kilima kwenda kwa mama yake kumsaidia kazi za Jumamosi, macho yamevimba, sweta ameivaa kinyume.

Alikuwa jikoni anaosha vikombe simu ilipolia mfukoni mwa sweta. Mikono ilikuwa na sabuni, kichwa hakikuwepo, na mazoea yana nguvu. Aliibana kwenye bega bila hata kutazama.

"Haloo, hapa ni kwa Daktari Muthomi. Ng'ombe imeanza kulia saa ngapi?"

"Imeanza jana jioni," sauti ikajibu, "nataka aje asubuhi hii, joto isipite."

Kagure aliganda. Sauti ile ilikuwa imeingia sikio la kulia kutoka kwenye simu, na la kushoto kutoka nyuma ya ukuta, kule zizini.

Gambuti zikasikika zikija polepole uani, na mama akasimama mlangoni, simu bado iko sikioni, mkia wa kamba ya ng'ombe unaburutika nyuma yake. Wakatazamana.

"Kagure," mama alisema kwenye simu.

"Naam, mami," Kagure akajibu kwenye simu.

"Daktari yangu umemweka wapi?"

Kagure akakata simu, akaifuta sabuni kwenye sketi. "Hiyo namba umeitoa wapi?"

"Kwa nguzo! Iko kwa nguzo tangu baba yako akiwa hai. Mimi simpigii mtu mwingine. Huyo kijana amenipa ndama majike watatu, mmoja nyuma ya mwingine, na hajawahi kuingia zizi yangu bila kutoa kofia."

Zizi lilikuwa ufalme wa mama, na Kagure, ambaye ng'ombe walimwogopesha karibu kama radi, hakuwa ameingia humo tangu arudi. Isitoshe, Karembo, ng'ombe wa mama, alikuwa na mimba au ananyonyesha muda huo wote, hakukuwa na haja ya kumwita mtu. Akaketi kwenye kigoda. Alitaka kucheka na kulia, na hakujua kitangulie kipi.

"Mami, huyo daktari wako unajua kwao ni wapi?"

"Ni wa hapa hapa. Anaongea Kiembu kunishinda."

"Ni wa Ruiri."

"Ruiri gani?"

"Hiyo ya nyuma ya mlima."

Mama alimtazama binti yake, akaitazama simu iliyo mkononi mwake, akatazama kule zizini, na Kagure akaona mambo mawili yakikutana taratibu kwenye uso wake, daktari aliyempenda na Mmeru aliyemkataa, yakigundua kwamba yana jina moja. Karembo akalia tena, sauti ndefu yenye malalamiko, na kukata shauri.

"Mpigie," mama alisema. "Ng'ombe haijui mambo yenu."

Kagure alitoka nje, akasimama karibu na mti wa makadamia. Simu haikulia hata vizuri kabla ya kupokelewa.

"Kagure." Sauti ilikuwa ya mtu ambaye naye hakulala.

"Kuna ng'ombe," Kagure alisema.

"Wapi?"

"Kwetu."

"Kwenu wapi?"

Alijua kwamba Muthomi huwakumbuka watu kwa ng'ombe wao. "Kwa mama ya Karembo."

Upande wa pili kikombe kikagonga meza.

"Karembo ni ya mamako?" Muthomi aliuliza taratibu. "Mimi nimekunywa uji hapo miaka yote hiyo. Nikaona picha yako kwa ukuta, ile umevaa sare ya shule na umekunja uso."

"Jua lilikuwa machoni."

"Nije?"

"Ng'ombe ndiyo inaita."

"Sikuuliza ng'ombe. Nimeuliza wewe."

Kagure aliegemea mti. Miezi yote hiyo alikuwa amelilinda neno moja kama mbegu ya mwisho, na sasa lilimtoka lenyewe.

"Njoo," alisema.

Alikuwa amepanga, kama siku hiyo ingewahi kufika, avae gauni la kijani alilojishonea. Badala yake pikipiki ilimkuta uani na sweta iliyogeuzwa, ameshika ndoo. Mwanamume aliyeshuka alikuwa mfupi kuliko sauti yake. Hilo ndilo jambo la kwanza Kagure aliloliona. La pili ni kwamba alikuwa na macho yaliyotulia, yenye mikunjo ya kucheka pembeni, na la tatu ni kwamba alikuwa amesahau kuzima injini. Alisimama pale na kofia mkononi akimtazama Kagure kama mtu aliyefika nyumbani akakuta taa imeshawashwa.

"Muga," alisema hatimaye, kwa salamu ya kwao.

"Muga," Kagure akajibu.

"Zima pikipiki, Daktari," mama akasema kutoka kwenye kizingiti. "Mafuta si maji."

Zizini, mama alimkabidhi Kagure kamba ya kichwani, akasema anaenda kuleta maji ya moto, kisha akaenda mahali ambapo kila neno lingemfikia. Kwa hiyo wapendanao wetu walizungumza kwa mara ya kwanza ana kwa ana na ng'ombe mzima katikati yao, mmoja upande wa pembe na mwingine upande wa mkia. Kagure alisahau hata kumwogopa Karembo. Muthomi alivaa glavu hadi begani, akatoa mbegu kwenye mtungi uliokuwa ukifuka moshi wa baridi, akaipasha kwenye maji, akaanza kazi yake kwa upole.

"Mbona ulisema sawa?" Kagure aliuliza.

"Lini?"

"Unajua lini."

Muthomi alikuwa na mkono mmoja ndani ya Karembo na hakuweza kwenda popote. "Ulitaka niseme nini?"

"Chochote. Mtu anakuambia anaenda, unamwambia sawa? Hata mteja akikosa gauni huwa ananigombeza."

"Nilidhani umechoka na ng'ombe zangu. Ulisema mamako amesema, na mimi siwezi kukutuma ubishane na mamako." Alisikiliza kwa vidole, kisha akaendelea, sauti imeshuka. "Hiyo namba iliponitoka mara ya kwanza niliumia, Kagure. Wateja walipotea, watu wakasema nimekufa, wengine nimeoa Tharaka. Nikajiambia, ni namba tu. Jana uliponiambia inaenda tena sikulala. Nikaona mara hii haiendi peke yake."

Kagure aliushika uso wa Karembo ili asiutazame wa Muthomi. "Na wewe si ndiye unaimaliza? Gachoka umebadilisha nguzo. Runyenjes umebadilisha. Ukimaliza Kanja utanipigia uniambie nini?"

"Angalia hiyo nguzo nyuma yako."

Akageuka. Namba ilikuwa pale, ya mkaa, imefifia kidogo kwenye sufuri na mbili za mwisho. Ilikuwa namba iliyokuwa juu ya mlango wa duka lake.

"Ni yangu," alisema.

"Ni yako. Na kwa Njura ni yako, na kwa Kathambi, na kwa mwalimu pale juu. Kanja nimepita tangu kahawa ivunwe, nimeingia karibu kila zizi. Sijabadilisha hata nguzo moja."

"Kwa nini?"

"Nikibadilisha, asubuhi yangu itaanzaje?" Alisema hivyo waziwazi, bila kutabasamu. "Wazee wananiuliza, Daktari, mbona simu yako siku hizi inashikwa na msichana? Nawaambia ni ofisi. Wawili wameshanipa hongera. Sikukataa. Mimi nakupenda, Kagure. Nimekupenda kabla sijajua una uso, na sasa nimeuona, nimezidi kuharibikiwa."

Kagure alicheka huku machozi yakimshuka, na akajifuta kwa kamba ya ng'ombe, jambo ambalo simshauri msichana mwingine yeyote kulifanya. "Mimi pia," alisema. "Mimi pia, na ulinifanya nivae sweta vibaya."

"Niliona. Nikadhani ni mtindo."

"Daktari," mama akaita kutoka nje, bila hata kujifanya kwamba hakusikia. "Mkono ukimaliza huko ndani, kuna maneno huku nje."

Muthomi alinawa mara mbili. Mama alimkalisha kwenye benchi uani, akampa kikombe kikubwa cha uji uliochachuka vizuri, naye akaketi mbele yake na mikono juu ya magoti. Kagure alisimama mlangoni, akihesabiwa kuwa hayupo.

"Miaka yote unaingia kwangu," mama alianza, "hukuniambia wewe ni Mmeru."

"Hukuniuliza, mama. Uliniuliza tu kama ng'ombe imeshika."

"Na hasira uko nayo?"

"Niko nayo kidogo. Huwa nawapigia kelele watu wanaochelewa kuniita, joto ya ng'ombe inapita."

"Hao hata mimi ningewapigia," mama alikiri. Akazungusha pete yake ya ndoa, na aliposema tena sauti yake haikuwa ya kuhoji. "Sikiza, kijana. Mimi sina shida na wewe. Shida yangu ni mlima. Baba yake alienda, nyumba ikawa kubwa, huyu akarudi ikawa ya kawaida tena. Sasa ukimpeleka Ruiri, mimi nikiita usiku nani atasikia? Ndiyo maana nilitaka hiyo laini iende. Nilidhani laini ikienda, na wewe utaenda."

Kagure hakuwa amewahi kumsikia mama yake akisema anaogopa kitu. Alitaka kwenda kumshika, lakini Muthomi alikuwa ameshaweka kikombe chini.

"Mama, Ruiri ni kwa mama yangu, na yeye ataomba Krismasi na Pasaka, hapo sitamkatalia. Lakini kazi yangu iko huku. Ng'ombe za huku ndizo zimenilisha tangu nitoke chuoni. Nyumba yangu iko Embu mjini, na duka la Kagure liko Kanja, na mimi kila siku niko Kanja. Ukiita, tutasikia."

"Utasikia aje, na namba huna?"

"Ndiyo maana sitaki Kagure aiache. Ile siku niliipoteza nilidhani nimepoteza watu wote. Kumbe ilikuwa imetangulia tu kuja kukaa kwako."

Kuku akapita kati yao akidonoa. Kule zizini Karembo alikuwa ametulia, anatafuna kama asiyehusika na lolote.

"Umenipa majike watatu," mama alisema mwishowe, "na sasa umekuja kuchukua mmoja."

"Kama mwenyewe atakubali, mama. Na kwa utaratibu. Wazee watakuja wapige hodi."

"Mwenyewe amekubali toka mavuno ya kahawa," mama akasema. "Anadhani mimi ni kiziwi."

Aliinuka. Akaingia jikoni, akainama mbele ya mafiga, akachagua kipande cha mkaa kilichozimika, akakipuliza. Akaelekea zizini. Kagure na Muthomi wakatazamana, wakamfuata.

Mama alisimama mbele ya nguzo, akatia mate kidogo kwenye kidole, akaipangusa vumbi. Kisha akaanza kuikoleza ile namba, tarakimu moja baada ya nyingine, akiminya mkaa hadi unavunjika, ulimi umetokeza kidogo pembeni kama mtoto wa darasa la kwanza. Alipofika kwenye ile sufuri iliyofifia aliizungushia mara nyingi, ikawa nyeusi kuliko zote.

"Mami," Kagure alisema kwa sauti ndogo, "na Jumatatu?"

"Jumatatu una sare za kwaya za kushona. Kuhama kampuni utapata wapi nafasi?" Alirudi nyuma hatua moja, akaitazama kazi yake, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Wazee wa Ruiri wakipotea hapo Kanja, wapige hii."

Kisha akatoa simu yake ndogo mfukoni, akaisogeza mbali na macho, akabonyeza akifuata nguzo, taratibu, kuhakikisha hakukosea. Simu ikalia kwenye sweta ya Kagure. Kagure akaitazama, akamtazama mama yake aliyekuwa amesimama mbele yake, karibu kiasi cha kumgusa.

"Shika," mama alisema.

Kagure akaiweka sikioni. "Haloo?"

"Haloo," mama akasema, akigeuza uso upande wa ng'ombe ili machozi yake yasionekane. "Mwambie Daktari asiondoke bila kula. Na umchomee ndizi."